Kabla Vader Hajavaa Kofia

Mara ya kwanza nilipoiona Star Wars niliiona kinyumenyume, na wala sikujua kwamba ni kinyumenyume. Ilikuwa Nanighi, kwenye kibanda cha video kilichoezekwa mabati na kuzungushiwa magunia, hatua chache kutoka njia ya ng'ombe waendao mtoni. Jenereta ilikaa nje, imefungwa mtini kwa mnyororo kama mbuzi. Kiingilio kilikuwa shilingi kumi. Mwenye tano alikaa chini, mbele kabisa, shingo juu. DVD yenyewe ilikuwa ile ya filamu kumi ndani ya sahani moja, na kwenye kasha palikuwa na picha ya Arnold Schwarzenegger, ambaye hakuonekana katika hata moja ya hizo kumi. Tulianza na Revenge of the Sith kwa sababu ndiyo iliyokubali kucheza bila kukwama. Wiki iliyofuata tukaona The Phantom Menace. Attack of the Clones ilikuja miezi mingi baadaye, ikiwa na mkwaruzo uliomeza dakika ishirini za katikati.

Mwenye kibanda ndiye aliyekuwa mtafsiri. Wakenya wengi wanamjua DJ Afro, na Watanzania wa rika fulani wanamkumbuka Lufufu. Sisi tulikuwa na huyu wetu, anasimama kando ya televisheni na mswaki wa mti mdomoni, akitafsiri Kiingereza alichokisikia na kubuni kile ambacho hakukisikia. Jedi aliwaita "masheikh wa panga za taa". Yoda alikuwa "babu" tu. Chansela Palpatine akampa cheo cha "PC", na hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi.

Kwa msomaji ambaye mambo haya yalimpita, hesabu yake ni hii. George Lucas alitoa filamu ya kwanza ya Star Wars mwaka 1977, ya pili 1980, ya tatu 1983. Ndani yake yumo Darth Vader, jitu lenye kofia nyeusi ya chuma na pumzi za mtu anayevuta hewa kwenye mtungi. Kisha Lucas akakaa miaka kumi na sita. Aliporudi hakuendelea mbele; alirudi nyuma. The Phantom Menace ya 1999, Attack of the Clones ya 2002 na Revenge of the Sith ya 2005 zilikuja kueleza jinsi Vader alivyokuwa kabla hajawa Vader: mtoto wa miaka tisa, jina lake Anakin, fundi wa vyuma, mtumwa, mwenye kumpenda mama yake kupita kiasi. Ndiyo maana filamu ya kwanza kutengenezwa inaitwa ya nne, na ya nne kutengenezwa inaitwa ya kwanza. Ukimweleza mtu mara moja akaelewa, huyo ana akili kukushinda wewe na mimi.

Sasa, ugomvi juu ya hizo filamu tatu za utangulizi ni mojawapo ya magomvi marefu zaidi ya mashabiki wa sinema duniani, na ulianza hata kabla hazijaonekana. Novemba 1998, kionjo cha The Phantom Menace kilipowekwa mbele ya filamu nyingine, kuna Wamarekani waliolipa tiketi, wakatazama zile dakika mbili, kisha wakatoka ukumbini na kuiacha filamu yenyewe ikicheza. Mei 1999 ilipokaribia, watu walipiga foleni kwa wiki kadhaa nje ya ukumbi mmoja mashuhuri wa Los Angeles, wakilala pale pale. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 900. Ila wengi wa wale waliokesha foleni walitoka na nyuso za watu waliokwenda harusini wakakuta bibi harusi si yule.

Malalamiko yao yanajulikana. Filamu iliyosubiriwa miaka kumi na sita inaanza na mgogoro wa ushuru wa njia za biashara. Watu wanakaa kwenye mabaraza wakijadili hoja. Mazungumzo ni makavu, na ya mapenzi ni makavu zaidi. Kuna mahali Anakin anamtongoza Padmé kwa kulalamikia mchanga. Kuna Jar Jar Binks, kiumbe wa masikio marefu anayejikwaa katika kila kitu. Na Nguvu, ambayo katika filamu za zamani ilikuwa kitu cha imani, cha kunyamaza na kusikiliza, sasa inapimwa kwa kipimo cha damu kama malaria.

Sisi Nanighi hatukulalamika hata moja ya hayo. Hatukuwa wema kuliko wao, la. Hatukuwa tumesubiri chochote tu. Mtu ambaye hakuahidiwa harusi hawezi kusema bibi harusi amebadilishwa. Jar Jar kwetu alikuwa sababu ya kulipa kiingilio mara ya pili. Mwenye kibanda alimpa sauti ya mlevi mmoja wa sokoni, tukacheka mpaka tukakosa pumzi. Mapigano ya Darth Maul na wale masheikh wawili, pamoja na ule muziki wa kwaya wa John Williams, yalirudishwa nyuma na kuonyeshwa upya kwa ombi la wananchi. Niliamini kwa miaka mingi kwamba hizi ndizo Star Wars zenyewe, na kwamba zile za 1977 ni marudio ya watu wasiokuwa na hela.

Aliyenivuruga ni mwalimu wangu wa historia, nilipofika sekondari. Yeye alikuwa kijana wa Nairobi miaka ya themanini, na Return of the Jedi aliiona ukumbini. Aliipenda kwa sababu moja ambayo wanafunzi tulidhani ni uongo wa walimu. Ndani ya filamu ile, rubani msaidizi wa Lando, kiumbe mwenye mashavu ya kuning'inia anayeitwa Nien Nunb, anaongea Kikuyu. Ni Kikuyu kweli. Aliyetoa sauti ni Mkenya, Kipsang Rotich, aliyekuwa mwanafunzi Marekani, na watengenezaji walitaka lugha ambayo masikio ya Wamarekani yasingeijua. Mwalimu alisema watu ukumbini walirukwa na akili. Jitu la sayari nyingine linazungumza kama kondakta wa matatu ya Kiambu! Nimekuja kuthibitisha baadaye: jina la Rotich lipo, na filamu ya 2015 ilipohitaji sauti ya Nien Nunb alirudishwa yeye yeye. Filamu hiyo hiyo ya 2015 ndiyo ya Lupita Nyong'o kama Maz Kanata, kwa hiyo Kenya ina watu wawili katika galaksi ile.

Mwalimu alizichukia filamu za utangulizi kwa hoja, na hoja zake zilikuwa nzito kuliko za wale wa Los Angeles. Aliniambia siku moja baada ya kipindi, akiwa anapangusa chaki mikononi: "Kijana, ukimwogopa fisi usiku ni kwa sababu humwoni. Lucas amekuja na tochi, amemmulika fisi, amekuonyesha mama yake fisi, amekuonyesha fisi akilia. Sasa utamwogopa vipi?"

"Lakini mwalimu, si ndiyo vizuri kujua?"

"Kujua nini? Ati Vader ndiye aliyeunda lile roboti la dhahabu? Ati babu Yoda alikuwa rafiki wa yule wa manyoya? Galaksi nzima imekuwa ndogo kuliko Nanighi. Huko kwenu angalau kuna watu msiojuana."

Hoja hii bado sijaipatia jibu kamili, na nadhani ndiyo kasoro kubwa ya filamu hizi, kubwa kuliko Jar Jar. Anayerudi nyuma kusimulia chanzo hushikwa na tamaa ya kuunganisha kila kitu. Kila mtu anakuwa jamaa ya kila mtu, kila kovu linapata siku yake, na ulimwengu uliokuwa na giza la kutosha kumficha yeyote unakuwa ua wa nyumba moja.

Hoja yake ya pili niliweza kuipinga. Alisema hadithi ambayo mwisho wake unajulikana haina mvuto: tunajua kijana atakuwa Vader, sasa tutazame kwa nini? Nikamkumbusha Fumo Liyongo. Kule chini ya mto huu huu, Ozi, Shaka na Kipini, kila mtoto anajua kabla hajasimuliwa kwamba Liyongo atauawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba kitovuni. Muhammad Kijumwa alipouandika utendi wake mwaka 1913 hakuwa akimficha mtu mwisho. Watu husikiliza ili wamwone mtoto akiahidiwa cheo na mke, wamwone akirudi kwa baba yake na kupokewa kwa furaha, na wao wakijua anachotafuta. Revenge of the Sith ni ya aina hiyo. Palpatine anapomketisha Anakin kando yake na kumwongelesha taratibu juu ya mauti na namna ya kuyazuia, kibandani watu walikuwa wakipiga kelele: "Wewe! Ondoka hapo!" Walijua haondoki. Walishaiona mara tatu.

(Na tofauti iko hapa: kwetu mtoto anamuua baba aliye mwema; kwa Lucas mtoto anamwokoa baba aliye mwovu. Mwalimu alisema hiyo ndiyo tofauti ya Marekani na mto Tana. Alikuwa mtani.)

Kuna jioni moja ya kibandani ambayo ndiyo iliyonifanya niandike haya. Tulikuwa tumeipata Attack of the Clones, na tulikuwa kwenye sehemu ambayo wachambuzi wengi waliiita ya kuchosha: seneti. Vita vinakuja, na inatolewa hoja kwamba Chansela apewe mamlaka ya hali ya hatari, aunde jeshi bila kumuuliza mtu, na akiisha kutuliza mambo ayarudishe mamlaka hayo. Watoto walikuwa wakipiga soga. Nyuma, karibu na mlango, palikuwa na mzee mmoja mfugaji aliyekuwa akisubiri gari la Garissa na akaingia kwa sababu ya kivuli. Hakuwa ametazama filamu. Alikuwa akisinzia na fimbo yake magotini. Mwenye kibanda akatafsiri: "Sasa PC anataka apewe hali ya hatari, anasema ni ya muda tu."

Mzee akafungua macho. "Hali ya hatari wapi?"

"Huko kwao, mzee. Ni filamu."

"Hawairudishi," mzee akasema. "Mwambie huyo msichana mweupe. Hawairudishi."

Tulicheka. Mimi nilicheka pia. Ilinichukua miaka, na kipindi kimoja cha mwalimu yule, kuelewa alichokuwa akikisema. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Tarehe 28 mwezi huo huo, siku kumi na sita baadaye, hali ya hatari ilitangazwa kaskazini mashariki kwa sababu ya vita vya Shifta. Vita vilikwisha mwaka 1967. Sheria za hali ya hatari hazikuondolewa mpaka 1991. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maofisa na askari wasishtakiwe kwa yale waliyoyatenda katika eneo hilo miaka ya vita, na wilaya jirani ziliingizwa humo pia: Isiolo, Marsabit, Lamu, na Tana River. Novemba 1980 mtaa wa Bulla Kartasi, Garissa, ulichomwa moto. Hayo yote yalikuwa ya muda tu.

Basi nikirudi kwa wale wanaosema siasa ndiyo iliyoziua filamu hizi, nawaelewa, ila sikubaliani nao. Nadhani siasa ndiyo sehemu iliyokaa sawa kuliko zote. Lucas mwenyewe alieleza, filamu ya tatu ilipopelekwa Cannes mwaka 2005, kwamba mawazo yale yalianza zama za Vietnam na Nixon: alikuwa akijiuliza demokrasia hugeukaje kuwa udikteta kwa mikono yake yenyewe. Jibu lake halikuwa mapinduzi ya kijeshi. Ni kura. Palpatine hanyakui kitu. Anapewa, na katika filamu ya tatu anapotangaza ufalme, seneti inamshangilia. Na yule anayeitoa hoja ya kumpa mamlaka ya dharura ni nani? Jar Jar Binks. Kikaragosi kile kile ambacho dunia ilikichukia, kile cha kujikwaa, kimevikwa joho na kupewa nafasi ya kusema barazani kwa niaba ya Padmé, kikadanganywa kwa upole, kikasimama, kikaifungua milango. Mashabiki walichukua muda mrefu kuliona hilo, kwa sababu walikuwa bado wanamkasirikia kwa masikio yake. Mtu yeyote aliyewahi kuhudhuria baraza la chifu angeliona siku ya kwanza.

Hapo nilikuwa nikishinda mjadala. Ila katika filamu hiyo hiyo kuna kitu ambacho mwalimu hakuwahi kukitaja, na kibandani kilituletea kimya cha ajabu.

Anakin anarudi jangwani kumtafuta mama yake. Amechukuliwa na Watusken, watu wa mchanga, wanaohamahama na mifugo yao na kujifunga vitambaa usoni. Anamkuta kambini kwao, anamfia mikononi. Kisha anatoka hemani na kuwaua wote, na baadaye anakiri kwa Padmé kwamba hakuua wanaume peke yao, aliua na wanawake na watoto, na kwamba kwake wao ni kama wanyama. Padmé anamliwaza. Filamu haijaisha, wameoana.

Kibandani walikuwamo watoto wa wafugaji na watoto wa wakulima, Waorma, Wasomali, Wapokomo, Wamunyoyaya, bega kwa bega kwenye mabenchi yale. Mwenye kibanda hakutafsiri. Aliacha Kiingereza kipite. Mtoto mmoja kando yangu akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na wale ng'ombe wao, walichukuliwa na nani?"

Nimesoma kurasa nyingi za mashabiki wakijadili tukio hilo. Wengi huuliza kama Hayden Christensen alilicheza vizuri, au kama ni hatua inayoaminika kuelekea kwa Vader. Hayo ni maswali halali. Lakini ni maswali ya mtu ambaye hajawahi kuhesabiwa upande wa kambi. Hadithi inataka tumwonee uchungu muuaji, na waliouawa haiwapi jina, lugha, wala mtu wa kuwazika. Ilibidi ifike The Book of Boba Fett, ile tamthilia iliyoanza mwishoni mwa 2021, ndipo Watusken wakapata ngoma, watoto, ishara za mikono, na dai lao la kwamba jangwa lilikuwa bahari na wao walikuwapo tangu maji. Hapo nikamkumbuka yule mtoto na ng'ombe zake.

Suala la utumwa nalo linaniacha pabaya. Katika The Phantom Menace, mzee wa Jedi anafika kwenye nyumba ya mama na mwana walio watumwa. Anambahatisha mtoto kwa dau la mashindano, anamchukua kwa sababu ana kipaji, na mama anabaki. Miaka kumi hakuna aliyerudi na pesa za kumkomboa. Wapo wanaosema hilo ni pengo la mwandishi. Wapo wanaosema Lucas alikusudia: ndivyo taasisi yenye kujiona takatifu inavyooza. Mimi nilikuwa upande wa pili na sasa sina hakika. Pwani ya Kenya, utumwa uliondolewa kisheria mwaka 1907. Bibi za bibi zetu walikuwa hai. Watoro waliokimbilia Witu, karibu na mto huu, walijua kwamba mwenye kutoroka haulizwi ana kipaji gani. Kama Lucas alikusudia, mbona hakuna Jedi hata mmoja katika filamu zote tatu anayeona aibu?

Mwalimu, nilipomweleza haya, alicheka kisha akaniletea Shungwaya. Ndivyo alivyokuwa, kila mjadala uliishia kwenye mtaala.

"Unajua Shungwaya nayo ni filamu ya utangulizi?" aliniuliza. Tulikuwa tumefundishwa kwamba Wamijikenda, na Wapokomo wengine pamoja nao, walitoka Shungwaya, kaskazini ya Tana, wakisukumwa na Waoromo. Tuliandika kwenye mtihani, tukapata alama. Kumbe mwaka 1972 mwanahistoria R. F. Morton alitoa makala akisema simulizi hiyo, kwa upande wa Wamijikenda, ilikuwa changa: ilishika mizizi mwishoni mwa karne ya 19, ikieleza ya zamani kwa mahitaji ya wakati huo. Thomas Spear akampinga katika kitabu chake cha 1978 juu ya makaya, akiitetea simulizi kama kumbukumbu ya kweli. James de Vere Allen, katika kitabu kilichotoka 1993, akaichukua Shungwaya upande mwingine kabisa, akaifanya chimbuko la utamaduni wa Waswahili wenyewe. Wanavyuo watatu, mashabiki watatu. Mwalimu aliuliza: je, simulizi inayotungwa baadaye juu ya yaliyotangulia ni ya uongo kwa sababu imetungwa baadaye?

Niliipenda sana hoja ile nilipokuwa kidato cha tatu. Agosti 2012 ilinipunguzia kuipenda. Katika miezi iliyofuata watu zaidi ya 100 waliuawa katika delta ya Tana, vijiji vikachomwa, ng'ombe wakakatwa. Wakulima na wafugaji waligombana juu ya malisho, mashamba na njia za kufikia maji, na siasa ya uchaguzi uliokuwa ukikaribia ikatiwa humo kama petroli. Nilikuwa mbali, nikisikiliza redioni na kupiga simu nyumbani. Kila niliyeongea naye, wa upande wowote, alianza nyuma. Hakuna aliyeanza na jana. Walianza na babu, na malka gani ilifunguliwa na nani, na nani alimkuta nani mtoni. Kila mmoja alikuwa na filamu zake tatu za utangulizi, na ndani ya kila moja yule mwingine alikuwa Mtusken.

Nirudi kwenye sinema.

Huko ughaibuni ugomvi ulichukua sura mbaya kwa njia yake. Ahmed Best, Mmarekani mweusi aliyemcheza Jar Jar, alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu aliyepata kazi ya ndoto. Alishambuliwa kiasi kwamba mwaka 2018 alieleza hadharani jinsi alivyowahi kufikiria kujiua. Jake Lloyd, mtoto aliyemcheza Anakin mdogo, alidhihakiwa shuleni na akaacha uigizaji. Wakosoaji wengine walikuwa na hoja ya haki: lafudhi ya Jar Jar iliwakumbusha watu vichekesho vya zamani vya kuwadhihaki weusi, na wale wafanyabiashara wa The Phantom Menace walisikika kama dhihaka kwa Waasia. Lucas alikana. Mimi naona hoja hiyo ilikuwa na uzito, na naona pia kwamba wengi waliomtukana Best hawakuwa wakiitetea heshima ya mtu mweusi yeyote.

Kisha, pole pole, upepo uligeuka. Mwaka 2009 bado video moja ya dakika sabini ya kuichambua na kuibomoa The Phantom Menace ilikuwa kama kitabu kitakatifu cha wapinzani. Mwaka 2012 Lucas aliiuza kampuni yake kwa Disney kwa zaidi ya dola bilioni nne, zikaja filamu mpya, na mashabiki wakapata kitu kipya cha kukichukia. Wakati huo watoto walioziona zile tatu wakiwa na miaka minane au tisa walikuwa watu wazima, na waligundua kwamba wao pia wana utoto wa kuutetea. Ewan McGregor na Hayden Christensen walirudi mwaka 2022 katika tamthilia ya Obi-Wan Kenobi na kupokewa kama ndugu waliopotea. Ahmed Best alirudi 2023 katika The Mandalorian, safari hii akiwa Jedi mwenye panga mbili, akimwokoa mtoto Grogu. Niliitazama kipande hicho kwenye simu nikiwa ndani ya matatu, na sitasema kama nililia.

Aprili 2025, Revenge of the Sith iliporudishwa kumbi za sinema kutimiza miaka ishirini, na watu wakajaa, nilimpigia mwalimu. Amestaafu. Nilitaka akubali.

"Nimeshindwa kwa idadi," alisema, "sijashindwa kwa hoja. Fisi bado analia."

Akaniambia mjukuu wake ana miaka minane na ameomba aonyeshwe Star Wars. Anataka kujua waanze na ipi, ya nne au ya kwanza. Nikamwambia aanze na ya tatu, kama sisi, ile isiyokwama. Alikata simu.

Wiki mbili baadaye akanitumia ujumbe. Ameanza na ya nne, kama inavyotakiwa. Mtoto aliulizauliza kwa nini yule mtu mweusi wa kofia anahema hivyo, ni mgonjwa? Mwalimu akamjibu angojee. Mtoto akasema hapana, anataka kujua sasa. Basi, aliandika mwalimu, nimetafuta hizo takataka zenu, tumeanza The Phantom Menace jana usiku. Amecheka sana na yule wa masikio. Kwenye seneti alilala, nikabaki natazama peke yangu.